Lugha za Kompyuta na Matendo ya Pamoja: Maelezo juu ya Njia za Kiwango cha Juu za Kutunga Programu Sambamba

Utangulizi

Msimulizi wa Kiswahili hana budi kuamua, kila afikapo kwenye kitenzi, jinsi tendo analolitaja linavyohusiana na lile lililotangulia. Akisema "Alikwenda sokoni, akanunua nazi, akarudi, akapika," msikilizaji anafahamu kwamba matendo hayo yalifuatana moja baada ya jingine. Akisema "Alipika akiimba," matendo mawili yanakwenda kwa wakati mmoja. Na akisema "Mchele hautiwi mpaka tui lichemke," hapo anataja sharti: jambo hili linalitegemea lile. Tofauti hizi tatu, yaani mfuatano wa -ka-, usambamba wa -ki- na utegemezi wa mpaka, ni mambo ambayo mwanafunzi wa isimu huyazoea mapema. Lisilojulikana sana katika idara za lugha ni kwamba wabunifu wa lugha za kompyuta wamekuwa wakihangaika na tofauti zizo hizo kwa muda wa miaka ipatayo sitini, na kwamba kuzichanganya kumewahi kugharimu maisha ya watu.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji asiye fundi wa kompyuta njia kuu zilizobuniwa ili mtu aweze kuiamuru mashine itende mambo mengi kwa pamoja bila yeye mwenyewe kusimamia kila tendo. Njia hizo huitwa za kiwango cha juu, kwa maana kwamba ziko mbali na viungo vya mashine na karibu na fikra ya mtunzi. Hoja inayotetewa ni moja: kwamba tatizo la programu sambamba ni tatizo la lugha kabla ya kuwa tatizo la mashine. Lugha za mwanzo zilimlazimisha mtunzi kutaja mfuatano hata pale ambapo hakuukusudia. Kila hatua kubwa iliyopigwa tangu hapo imekuwa ni kumpa namna ya kutaja utegemezi peke yake na kuyanyamazia mengine.

Kwa nini usambamba umekuwa wa lazima

Kwa miaka mingi kompyuta ya kawaida ilikuwa na prosesa moja, yaani chombo kimoja cha kutenda hesabu, nayo ilisoma maagizo yake moja baada ya jingine. Mtu aliyetaka programu yake iende kwa kasi zaidi aliweza kungoja tu, kwa kuwa mashine ya miaka miwili baadaye ingeitekeleza upesi zaidi bila hata herufi moja kubadilishwa. Hali hiyo ilikoma karibu na mwaka 2004. Prosesa zilikuwa zimefikia mapigo bilioni tatu na zaidi kwa sekunde, na kuyaongeza mapigo hayo kulileta joto lisiloondoleka kwa urahisi. Watengenezaji wakageuza njia. Badala ya kukiongezea kasi kiini kimoja, wakaweka viini kadhaa ndani ya prosesa moja. IBM ilikuwa imekwisha kutoa prosesa ya POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001, na mwaka 2005 Intel na AMD zikaanza kuuza za namna hiyo kwa kompyuta za mezani. Leo hata simu ya mkononi ya bei nafuu aghalabu huwa na viini vinne au vinane.

Kwa hiyo kasi haiji tena yenyewe. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kiini kimoja itatumia kiini kimoja, na vingine vitakaa bure. Ili vyote vifanye kazi, sharti kazi igawanywe. Na ili igawanywe, sharti ijulikane ni sehemu gani zinategemeana na zipi hazitegemeani. Hapo ndipo lugha inapoingia.

Mfano wa jiko la arusi

Ichukuliwe kwamba mtu anaeleza jinsi wali wa nazi ulivyopikwa: "Akapasua nazi, akaikuna, akakamua tui, akachagua mchele, akauosha, akawasha moto, akabandika tui, akatia mchele." Maelezo hayo ni sahihi, na mpishi mmoja akiyafuata atapata wali. Lakini kama ni jiko la arusi lenye wapishi sita, swali ni jingine. Ni kazi gani zinaweza kufanywa kwa pamoja?

Ajuaye kupika atajibu mara moja. Mmoja akune nazi kwa mbuzi, wa pili achague mchele kwenye ungo, wa tatu awashe moto. Tui haliwezi kukamuliwa kabla nazi haijakunwa, na mchele hautiwi kabla tui halijachemka. Lakini asiyejua kupika, ambaye ana maneno hayo tu mbele yake, hawezi kujua kama mchele ulioshwa baada ya nazi kukunwa kwa sababu ilipasa iwe hivyo, au kwa sababu tu kinywa hakiwezi kutamka maneno mawili kwa mara moja. Kiambishi -ka- kimebeba mambo mawili kwa pamoja: mfuatano wa lazima na mfuatano wa masimulizi. Msikilizaji hana njia ya kuyatenganisha ila kwa ujuzi ulio nje ya sentensi.

Programu za kawaida huandikwa kwa mtindo wa -ka-. Tangu Fortran, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, mtunzi ameandika maagizo mstari kwa mstari. Kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mtunzi kuwa maagizo ya mashine, ni sawa na yule asiyejua kupika. Mabingwa wengi wamejitahidi kubuni kompaila zenye uwezo wa kugundua zenyewe mistari isiyotegemeana. Wamefaulu kiasi katika hesabu za majedwali ya namba, lakini si katika programu kwa jumla, kwa sababu habari inayohitajika haimo katika maandishi. Mtunzi aliijua, lugha yake haikumpa pa kuisema, nayo ikapotea.

Jiko hilo linafundisha jambo la pili. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba manufaa ya kuongeza watendaji yana kikomo kinachowekwa na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Kama upishi huchukua dakika 100 kwa mtu mmoja, na dakika 10 kati ya hizo ni za kazi isiyoweza kugawanywa, basi wapishi 10 watamaliza kwa dakika 19, na wapishi 90 kwa dakika 11. Hata wakiletwa wapishi elfu, muda hautashuka chini ya dakika 10. Ndiyo sababu kila sharti la mfuatano lisilo la lazima ni hasara. Linaongeza sehemu isiyogawanyika, na kwa hiyo linashusha kikomo cha kazi nzima.

Hatari ya kumbukumbu ya pamoja

Njia ya kwanza ya kutunga programu sambamba, ambayo ndiyo ya kiwango cha chini, ni kuzianzisha shughuli kadhaa na kuziacha zote zisome na kuandika katika kumbukumbu moja. Shughuli hizo kwa kawaida huitwa nyuzi. Hatari yake inaonekana katika mfano wa akaunti ya benki yenye shilingi 1,000. Mke anaweka shilingi 500 Mombasa, na wakati uo huo mume anaweka shilingi 300 Kisumu. Uzi wa kwanza unasoma 1,000. Uzi wa pili nao unasoma 1,000. Wa kwanza unajumlisha na kuandika 1,500. Wa pili unajumlisha na kuandika 1,300 juu yake. Akaunti iliyopasa kuwa na shilingi 1,800 sasa ina 1,300, wala hapana hata agizo moja lililokosewa. Kila uzi ukisomwa peke yake ni sahihi. Kosa limo baina yao, mahali ambapo hapakuandikwa chochote.

Kosa la namna hii, linaloweza kuitwa kosa la mbio kwa kuwa matokeo yanategemea nani aliwahi, lina tabia mbaya ya kujificha. Programu yaweza kujaribiwa mara elfu na kutoa jibu sahihi kila mara, kisha ikakosea mara ya elfu na moja kwa sababu uzi mmoja ulichelewa kidogo. Mfano wenye kuhuzunisha zaidi ni ule wa Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotumika Kanada na Marekani. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Programu yake ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kiwango cha chini kwenye kompyuta ya PDP-11, na shughuli zake kadhaa zilipashana habari kwa kumbukumbu ya pamoja bila ulinzi wa kutosha. Katika ajali zilizotokea Texas mwaka 1986, mtumishi aliingiza aina ya matibabu kimakosa, akairudia na kuisahihisha upesi. Shughuli moja ilikuwa bado katika kupanga sumaku za mashine, kazi iliyochukua kama sekunde nane, nayo haikutambua kwamba maandishi yamebadilishwa. Skrini ikaonyesha matibabu sahihi, ilhali mashine ilikuwa imepangwa vingine. Yafaa kuangalia kwamba mtumishi mgeni, aandikaye polepole, asingalilifichua kosa hilo. Lilijitokeza kwa sababu mtumishi alikuwa amekwisha kuizoea kazi yake na vidole vyake vilikuwa vyepesi.

Dawa ya kale ya tatizo hili ni kufuli. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, bingwa wa Uholanzi, alieleza chombo alichokiita semafori, neno lililotoka katika ishara za reli. Uzi unaotaka kuingia mahali pa hatari hupita kwanza kwenye semafori. Ukikuta mwingine yumo ndani, husubiri. Matendo yake mawili aliyapa majina ya P na V, kutokana na maneno ya Kiholanzi, na herufi hizo zimeendelea kutumiwa na watu wasiojua Kiholanzi hata kidogo.

Kufuli huzuia kosa la mbio, lakini huleta jingine. Uzi mmoja ukishika kufuli ya kwanza na kungoja ya pili, na mwingine ukashika ya pili na kungoja ya kwanza, zote mbili zitangoja milele. Huo ndio mkwamo. Dijkstra aliutolea fumbo ambalo baadaye lilijulikana kuwa la wanafalsafa watano: wameketi kuzunguka meza, kila mmoja anahitaji uma mbili ili ale, na uma ni tano tu. Wote wakichukua kwa pamoja uma wa kushoto, hakuna atakayekula. Zaidi ya hayo, hakuna kitu katika lugha kinachomkumbusha mtunzi kutumia kufuli. Akisahau mara moja katika mistari elfu kumi, kompaila haitasema neno. Wajibu wote wa kujua wakati na zamu unabaki kichwani mwa mtu, nacho kichwa cha mtu hakikuumbwa kufuatilia namna zote ambazo nyuzi kumi zaweza kutangulizana.

Njia ya kwanza: kumshauri kompaila

Njia za kiwango cha juu zinaanzia hapa. Iliyo nyepesi kuliko zote haimtaki mtunzi aiache lugha yake. Inamruhusu kuongeza maneno machache ya kumsaidia yule asiyejua kupika. Kielelezo chake ni OpenMP, utaratibu uliotolewa mwaka 1997 kwa lugha ya Fortran na mwaka uliofuata kwa lugha za C na C++. Mtunzi anapofika kwenye mzunguko, yaani sehemu inayorudia kazi moja kwa vitu vingi, huandika mstari mmoja juu yake wenye maana kwamba marudio haya hayategemeani na yaweza kugawanywa. Kompaila ndiyo inayoamua nyuzi ziwe ngapi na kila moja ichukue marudio gani.

Katika Fortran mstari huo umeandikwa kwa namna ya maoni, yaani kama maneno ya pembeni ambayo mashine huyapuuza. Kompaila isiyoujua utaratibu huo huupita, na programu ikabaki kuwa ya kawaida. Hivyo maandishi mamoja yana masomo mawili, moja la -ka- na jingine la -ki-. Udhaifu wake ni kwamba kompaila humwamini mtunzi. Akidai kwamba marudio hayategemeani na kumbe yanategemeana, kosa la mbio litarudi palepale. Lugha imempa mahali pa kusema, lakini haiwezi kuhakikisha kwamba asemayo ni kweli.

Njia ya pili: kupashana ujumbe

Njia ya pili inaanzia kwenye swali la ndani zaidi: je, kuna haja gani ya kumbukumbu ya pamoja? Mwaka 1978 C. A. R. Hoare, Mwingereza, alichapisha makala mashuhuri yaliyopendekeza kwamba programu ijengwe kwa shughuli zinazojitegemea, kila moja ikiwa na kumbukumbu yake, na ziwasiliane kwa kupelekeana ujumbe tu. Kile kisichogusiwa pamoja hakiwezi kugombewa.

Kutokana na fikra hiyo kampuni ya INMOS ya Bristol ilitoa mwaka 1983 lugha iitwayo Occam, kwa jina la mwanafalsafa William wa Ockham aliyependa mambo yawe mepesi. Lugha hiyo iliandamana na prosesa iliyoitwa Transputer, ambayo ilitengenezwa ili iunganishwe na wenzake. Mwanaisimu ataipenda Occam kwa jambo moja. Katika lugha nyingine mfuatano haukuwa na neno lake. Kuandika mstari chini ya mwingine kulitosha. Occam ilikataa hali hiyo. Mtunzi alilazimika kuandika SEQ juu ya maagizo yanayofuatana, au PAR juu ya yale yanayokwenda pamoja. Hakuna lililochukuliwa kuwa la kawaida na jingine kuwa la ziada. -Ka- na -ki- zilipewa hadhi sawa. Kutuma ujumbe kuliandikwa kwa alama ya mshangao, na kuupokea kwa alama ya kuuliza. Na ikiwa shughuli mbili chini ya PAR ziligusa thamani moja, huku mojawapo ikiibadilisha, kompaila iliikataa programu nzima. Hapa lugha ilifanya lile ambalo kufuli haikuweza: lililokuwa kosa la wakati likawa kosa la sarufi. Transputer na Occam hazikudumu sokoni, lakini fikra imedumu. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ina mifereji ya ujumbe iliyotokana na Hoare. Na Rust, iliyotolewa rasmi mwaka 2015, nayo hukataa mapema programu ambazo nyuzi zake zaweza kugombea thamani moja.

Tawi jingine la njia hii lilikua Sweden. Kuanzia mwaka 1986 Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walibuni katika kampuni ya Ericsson lugha ya Erlang, kwa ajili ya mitambo ya simu. Jina ni la A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyechunguza msongamano wa simu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Tofauti baina ya ujumbe wa Occam na ule wa Erlang ni kama ile ya kukabidhiana kitu mkono kwa mkono na kutia barua katika sanduku la posta. Katika Occam mpelekaji husubiri hadi mpokeaji awe tayari. Katika Erlang huutia ujumbe katika sanduku la mwenzake, akaendelea na kazi yake. Kila mazungumzo ya simu huwa shughuli yake yenyewe, na shughuli moja ikifa nyingine haziathiriki. Ipo shughuli ya juu ambayo kazi yake ni kuangalia nani amekufa na kumwanzisha upya. Mitambo ya WhatsApp, ambayo hutumiwa kila siku na watu wengi wa Afrika ya Mashariki, ilijengwa kwa lugha hii.

Njia ya tatu: kunyamazia wakati

Njia ya tatu ndiyo ya kiwango cha juu kuliko zote, kwa kuwa humo mtunzi hataji mfuatano wala usambamba. Alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1977, John Backus, yule yule aliyeongoza utengenezaji wa Fortran, alitoa hotuba ya kuzilaumu lugha za aina aliyoianzisha mwenyewe. Alisema kwamba zinamfunga mtunzi katika kufikiri neno moja kwa wakati mmoja, na akapendekeza lugha za kuelezea uhusiano wa vitu kama hisabati inavyofanya. Katika lugha za namna hiyo thamani ikishatajwa haibadiliki. Lisilobadilika laweza kusomwa na watu elfu kwa mara moja bila madhara, na mfuatano unaobaki ni ule wa utegemezi tu: kitu hakihesabiwi mpaka vile kinavyovitegemea vihesabiwe.

Mfano ulio karibu na idara za lugha ni kuhesabu maneno. Ichukuliwe kwamba watunga kamusi wana kurasa 100,000 za maandishi ya Kiswahili, nao wanataka kujua kila neno limetokea mara ngapi. Kwa mtindo wa zamani mtu mmoja angesoma kurasa zote na kuandika kadi. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walieleza utaratibu uitwao MapReduce, ambao majina ya sehemu zake mbili yametoka katika lugha ya zamani ya Lisp. Mtunzi huandika mambo mawili tu. La kwanza ni lipi la kufanya kwa ukurasa mmoja: kwa kila neno toa kadi yenye neno hilo na namba 1. La pili ni lipi la kufanya kwa kadi zenye neno moja: zijumlishe. Hatasema kompyuta ni ngapi, wala ukurasa upi usomwe na ipi, wala nini kifanyike kompyuta moja ikiharibika katikati ya kazi. Hayo yote huamuliwa na utaratibu wenyewe, na ukurasa uliopotea hupewa mashine nyingine.

Siri ya kufaulu kwake iko katika tabia ya kujumlisha. Kadi zaweza kujumlishwa kwa mpangilio wowote na kwa mafungu yoyote. Jibu ni lile lile. Si kila tendo lina tabia hiyo. Kama ukurasa mmoja una vitenzi viwili vyenye herufi 10 na 20, wastani wake ni 15. Kama wa pili una kitenzi kimoja chenye herufi 60, wastani wake ni 60. Wastani wa wastani hizo mbili ni 37.5, ilhali wastani wa kweli wa vitenzi vyote vitatu ni 30. Anayetaka wastani sharti abebe jumla na idadi mpaka mwisho, ndipo agawanye. Kwa hiyo njia hii haimwondolei mtunzi kazi ya kufikiri. Inamhamisha kutoka kwenye swali la nani atangulie hadi kwenye swali la asili ya tendo lenyewe. Na kwa mwanaisimu yapo maswali mengine yasiyojibiwa na mashine: kama alimpiga na walipigana zihesabiwe chini ya piga, au kila moja peke yake, na neno lililokatwa mwisho wa ukurasa lihesabiwe wapi.

Mipaka ya njia hizi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kupanda ngazi kunamaliza matatizo. Kwanza, mkwamo haukuondoka. Shughuli mbili zinazongojeana ujumbe zaweza kukwama sawasawa na nyuzi mbili zinazongojeana kufuli. Pili, kunyamaza kuna gharama. Mtunzi asiyeona mashine hajui ni agizo gani lina uzito, na programu iliyo nzuri kuisoma yaweza kuwa nzito kuitekeleza, hasa ikiwa habari nyingi husafirishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Tatu, hata kujumlisha si salama daima. Namba zenye desimali huhifadhiwa katika kompyuta kwa ukadirio, na zikijumlishwa kwa mpangilio tofauti huweza kuleta majibu yanayotofautiana kidogo mwishoni. Nne, kikomo cha Amdahl hakiondolewi na lugha yoyote. Lugha nzuri huondoa mfuatano wa bandia. Ule wa kweli unabaki.

Hitimisho: suala la istilahi

Mambo haya yanaihusu Idara ya lugha kwa njia ya moja kwa moja, kwa sababu wanafunzi watakaofundishwa elimu ya kompyuta kwa Kiswahili watahitaji maneno yake. Mengi yanapatikana bila taabu, maana uzi, kufuli, mkwamo, mfereji na ujumbe yamo katika maisha ya kila siku. Gumu ni lile lililo kubwa kuliko yote. Neno sambamba tayari lina kazi katika hesabu za shule, ambako mistari sambamba ni ile isiyokutana kamwe. Programu sambamba ni kinyume chake, maana taabu yake yote iko mahali ambapo shughuli hukutana.

Tena, chini ya neno hilo zimejificha dhana mbili ambazo wataalamu huzitenganisha. Mpishi mmoja anayeangalia vyungu viwili, akikoroga hiki kisha kile, ana shughuli mbili zinazoendelea, lakini mkono wake uko katika chungu kimoja kwa kila wakati. Wapishi wawili, kila mmoja na chungu chake, wanatenda kwa pamoja kweli. Kosa la akaunti ya benki laweza kutokea katika hali zote mbili, ilhali kasi huongezeka katika hali ya pili tu. Kiambishi -ki- hakitofautishi hali hizo, na wala tafsiri ya neno kwa neno kutoka kamusi ya kigeni haitazitofautisha. Pengine ingefaa shughuli za aina ya kwanza ziitwe za kupokezana, kwa kuwa hupokezana mtendaji mmoja, na neno sambamba liachiwe zile zenye watendaji wengi. Wakikubali au wakikataa pendekezo hilo, waundaji wa istilahi hawana budi kuanza na jiko kabla ya kamusi: wajue kwanza ni kazi gani inaingoja ipi, ndipo waitafutie jina.